Aliyeanza na Spana

Kijana ninayemsimulia hapa ni fundi wa umeme wa majumba, na mbio za magari zilimwingia damuni Juni 2021, Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Alipanda matatu hadi Naivasha, akasimama kando ya njia siku nzima akila vumbi, akamwona Sébastien Ogier akipita na Toyota iliyokuja kushinda mashindano yale. Alirudi Nairobi ameshaamua kwamba naye atakuwa dereva. Jina lake nimelihifadhi, na hapa na pale nimechanganya habari zake na za wenzake waliopita njia ile ile, ili asinyooshewe kidole. Yaliyomfika yeye yamewafika wengi.

Rali ni mchezo wa wenye wadhamini. Mtu wa mshahara huanzia autokrosi, na ndivyo mambo yalivyo Kenya kwa miaka mingi: mzunguko mfupi wa udongo, dereva anakimbizana na saa, magari yamegawanywa kwa madaraja. Yako yanayosukumwa na magurudumu mawili na yanayosukumwa na manne, yenye tabo na yasiyo na tabo, yako mabagi, na lipo daraja la watoto liitwalo Bambino. Huko Marekani mchezo wenye jina hilo hilo una sura nyingine. Wanakimbia kwenye lami, mara nyingi katika uwanja mpana wa kuegeshea magari, njia imepangwa kwa koni za plastiki, na kwa kanuni za chama cha SCCA kila koni unayoiangusha inakuongezea sekunde 2. Dereva hupata mizunguko michache tu kwa siku, kila mmoja wa kama dakika moja. Hapo ndipo michezo hii miwili inapokutana: nafasi za kujifunza ni chache, na kila moja ikipotea imepotea.

Kijana wetu alinunua Subaru Impreza ya miaka ya 1990, isiyo na tabo. Kwa hilo sina neno naye. Vipuri vya gari la namna hiyo vimejaa Barabara ya Kirinyaga, tunayoiita Grogan hadi leo, mafundi wanaolijua ni wengi, na nguvu zake zinamtosha kabisa anayeanza. Kabla ya kitu kingine chochote alichomelewa kizimba cha chuma ndani ya gari, akafunga kiti cha mashindano na mikanda yake, akanunua helmeti ya maana. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyomwacha hai.

Gari lilikuwa na tabia moja iliyomkera. Akifika kwenye kona na kuzungusha usukani, pua haigeuki. Gari linaendelea mbele, linaelekea nje ya kona, magurudumu ya mbele yakikwangua udongo na kurusha changarawe. Alitoka garini akisema gari linagoma kukata kona, na alichokiona kilikuwa kweli. Sababu yake ndiyo aliyoikosea.

Uwanjani palikuwa na mzee mmoja, fundi aliyewahi kuhudumia magari ya Safari zamani za vituo vya huduma vya porini. Alisimama kwenye kona ya tatu, akamtazama kijana akipita mara kadhaa, kisha akamfuata alipoegesha.

"Shikamoo Mzee. Umeona pua inavyokataa? Nifunge nini?"

"Marahaba. Usifunge kitu kwanza. Breki unazipiga wapi?"

"Pale kwenye kona."

"Ndani ya kona, au kabla yake?"

Kijana alifikiri kidogo. "Ndani."

"Basi ni hapo, kijana wangu. Gari hili halina ugonjwa."

Akamweleza kwamba tairi lina uwezo mmoja tu wa kushika ardhi, mfano wa mshahara wa mwezi: ukiumaliza wote kwenye kodi ya nyumba, unga utanunua na nini? Anayekanyaga breki kwa nguvu zote huku anazungusha usukani amelitaka tairi lilipe mara mbili, na kwa kuwa breki imetangulia kuchukua chake, kugeuka hakubakiwi na kitu. Breki ngumu zipigwe gari likiwa limenyooka. Mguu uondoke kwenye breki taratibu, ili uzito ubaki mbele kidogo na pua ipate kushika. Ndipo usukani uzungushwe, mara moja, bila papara. Mafuta yanafuata gari likishaelekea linakokwenda.

Nilikuwa nimesimama karibu nao, na nakiri sijawahi kusikia somo la kona likielezwa vizuri zaidi ya hapo. Kijana alishukuru kwa heshima zote. Lakini moyo wake ulikuwa umeshafika Grogan.

Alichukua mkopo kwenye Sacco. Akanunua springi fupi zilizotengenezwa kwa mbio za lami, shoksi ngumu, na stabilaiza nene ya nyuma. Kila kimoja kati ya hivyo kina kazi yake mahali pake, na muuzaji hakumdanganya. Ila kwenye udongo wenye mashimo gurudumu linahitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Likifungwa likakakamaa linarukaruka, na gurudumu lililo hewani halishiki chochote. Stabilaiza nene ya nyuma nayo huyanyima magurudumu ya nyuma sehemu ya mshiko wake, ndiyo maana mkia unakuwa mwepesi kuzunguka na pua inaonekana imepona. Inaonekana tu. Pua haikuongezewa mshiko wowote; mkia ndio uliopunguziwa.

Alaimenti aliifanya mwenyewe uani kwake, na kwa kazi ya mikono alikuwa hodari. Alisimamisha vigingi vinne, akavuta uzi wa mwashi kila upande wa gari, sambamba nalo, kisha akapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Kwenye mikono ya nyuma ya Impreza ile kuna boliti yenye sahani ya duara isiyokaa katikati. Ukiizungusha kidogo, gurudumu linabadili mwelekeo. Sahani hiyo ina mistari midogo ili fundi ajue alipolikuta na alikolipeleka. Kijana aliizungusha hadi ukingo wa mbele wa rimu ukafunguka nje milimita 3 zaidi ya wa nyuma, kulia na kushoto. Magurudumu ya nyuma sasa yalitazama nje. Mahali sahani ilipokuwa mwanzo hakupaka rangi, wala hakupaandika popote.

Maana yake ni hii. Gari likikata kona ya kushoto, uzito unalemea gurudumu la nyuma la kulia. Gurudumu hilo likiwa linatazama nje, linauvuta mkia kwenda nje pamoja nalo. Kwenye kona ya polepole dereva anaufurahia, kwa sababu gari linajizungusha kama limetiwa moyo. Kwenye kona ya kasi mkia ule ule hauna wa kuuzuia.

Mashindano yaliyofuata nilikuwa kwenye meza ya kupokea muda. Asubuhi kijana alikimbia na springi mpya, shoksi mpya na alaimenti yake mpya, lakini stabilaiza ya zamani, na muda wake haukuwa wa kusifiwa. Wakati wa mapumziko alilala chini ya gari akafunga ile stabilaiza nene, kisha akaongeza upepo kwenye matairi ya nyuma. Mchana muda wake ukapungua kwa zaidi ya sekunde tatu. Alikuja mezani amejaa furaha, akanishika mkono kwa nguvu, akasema dawa imepatikana.

Karatasi ilikuwa mbele yangu. Karibu kila gari la daraja lake lilikuwa limepunguza sekunde tatu hivi, hata yale ambayo hayakuguswa na spana mchana kutwa. Asubuhi njia ya udongo huwa na changarawe legelege juu yake. Kila gari linalopita linaisukuma pembeni, na kufikia mchana mstari wa kupitia unakuwa mgumu, safi, matairi yanashika. Ndiyo maana katika rali za dunia, kwenye njia za changarawe, anayeongoza ubingwa huumia siku ya kwanza kwa kutangulizwa njiani: anawafagilia walio nyuma. Nilimwonyesha kijana safu ya namba za wenzake. Alitazama ya kwake, akakunja karatasi, akaenda kuwapigia simu marafiki.

Hapo napenda msomaji mwenye gari asimame nami, kwa sababu ndipo pesa na miezi inapopotelea. Kwanza, alibadili vitu viwili kwa pamoja. Inawezekana upepo ulimsaidia na stabilaiza ikamharibia, au kinyume chake, na hakuna namna yoyote ya kujua. Pili, hakurudi alikotoka. Anayetaka kujua kama badiliko lina faida hukimbia kwanza gari likiwa lilivyo, halafu na badiliko, halafu anarudisha kama mwanzo na kukimbia tena. Ikiwa muda wa mara ya tatu unaendelea kushuka, njia ndiyo iliyobadilika. Ukipanda tena hadi ulipokuwa mwanzo, badiliko lina kitu. Ni kazi ya kuchosha, inakula matairi na mafuta, na ndiyo pekee inayojibu swali.

La tatu ndilo zito zaidi. Mizunguko yake mwenyewe ilikuwa inapishana kwa sekunde mbili, tatu, gari likiwa halijaguswa. Mzunguko mmoja alipiga breki kwenye mti, mwingine kwenye jiwe, mwingine alipokumbuka. Badiliko zuri la shoksi huenda likampa mtu nusu sekunde. Nusu sekunde hiyo utaionaje ndani ya kelele ya sekunde tatu? Gari linaulizwa swali na mkono wa dereva, na mkono unaotetereka unauliza swali jipya kila mzunguko. Huko Marekani waalimu wa mchezo huu humwambia mgeni alete gari lake lilivyo, akague matairi na breki, aweke upepo sawa, amweke mwalimu kiti cha pembeni, na asinunue kitu mpaka mizunguko yake ifanane. Ushauri huo naukubali bila kupunguza neno.

Wakenya wenyewe tuna mfano wa kujivunia. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari kwa kazi yake, alishinda Safari akiwa na nduguye Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Gari lilishapigwa na Safari ya mwaka uliotangulia. Alilinunua, akalifungua, akalifunga upya kwa mikono inayojua kila boliti inafanya nini, akaliendesha kwa namna ambayo lingefika. Baadaye akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Vijana wanaotaja jina lake hukumbuka kasi. Mimi humkumbuka fundi aliyelijua gari lake kabla ya kulidai chochote.

Turudi kwa kijana. Miezi ilipita, na kwa kweli alianza kubadilika. Alihudhuria siku za mazoezi ambazo klabu iliandaa, akamkuta tena yule mzee, na safari hii alisikiliza. Alijifunza kumaliza breki mapema. Alijifunza kutembea njia kwa miguu kabla ya kukimbia, akiinama kuchungulia mahali udongo ulipo laini na mahali penye mwamba. Alijifunza kuinua macho: anayetazama ukingo wa boneti anashangazwa na kila kona, anayetazama mwisho wa kona anajikuta ameshafika. Muda wake ukatulia. Ugonjwa wa pua ukaisha wenyewe, maana sababu yake ilikuwa imeondoka.

Lakini gari lilikuwa bado limefungwa kwa ajili ya yule dereva wa zamani, aliyeingia kona kwa kasi ya kupita kiasi na kuhitaji mkia umsaidie kugeuka. Dereva yule hakuwepo tena. Hakuna aliyekumbuka kurudisha boliti.

Siku yenyewe ilikuwa na jua kali na upepo wa pembeni. Baada ya sehemu ndefu iliyonyooka kulikuwa na kona pana ya kushoto, ya gia ya tatu. Alipiga breki mahali panapofaa, akageuza vizuri, gari likaingia. Katikati ya kona vumbi la gari lililotangulia lilifunika njia, naye akafanya ambalo binadamu yeyote angelifanya: aliachia mafuta. Uzito ukakimbilia mbele. Nyuma kukawa kwepesi, juu ya springi zilizokakamaa, stabilaiza nene na magurudumu yanayotazama nje. Mkia ukatoka. Alirudisha usukani upande wa pili haraka, mkia ukashika ghafla, ukapiga kwa upande mwingine, na gari likaenda kimbavu hadi magurudumu yalipojikwaa kwenye mtaro laini wa ukingoni. Likabingirika mara mbili, likasimama kwa magurudumu yake, paa limebonyea hadi kwenye kizimba.

Marshali walimfikia na kizima-moto kabla vumbi halijatua. Alikuwa anaongea. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika, kwa kuwa gurudumu la mbele lilipogonga ukingo, usukani ulizunguka kwa nguvu na yeye alikuwa ameung'ang'ania. Bila kizimba na mikanda nisingekuwa naandika kisa cha aina hii. Aliyeko uwanjani bila hivyo viwili namwomba arudi nyumbani leo.

Mzee alikwenda kwenye gari jioni, lilipokuwa limepakiwa kwenye lori. Aliinama upande wa nyuma, akapangusa udongo kwa kidole gumba kwenye ile sahani ya duara, akasoma mistari.

"Hii boliti uliigeuza lini?"

"Zamani, Mzee. Wakati ule pua ilipokuwa inakataa."

"Na pua ilipokubali?"

Kijana hakujibu. Alikuwa amefungwa mkono kifuani na kitambaa cha huduma ya kwanza, na uso wake ulionyesha kwamba ameshaelewa.

Gari liliuzwa kwa vipande. Chasisi ilikuwa imepinda kupita kunyooshwa, na fedha zilizopatikana hazikufika hata nusu ya mkopo. Kwa wiki nyingi hakuweza kushika bisibisi, na kwa fundi wa umeme mkono ndio duka. Mke wake aliubeba mzigo wa nyumba bila kumsema, jambo ambalo yeye mwenyewe hunieleza kwa sauti nzito kuliko anapoeleza ajali. Makato ya Sacco yaliendelea kila mwezi kwa gari lisilokuwepo. Nayaandika haya yote kwa vijana wanaoniuliza kila mwezi wanunue shoksi gani, na ninaowajibu kwa kuwauliza mizunguko yao mitano ya mwisho ilikuwa na muda gani. Wengi hawajui. Wengine huniambia kwamba hufanya mazoezi barabarani usiku, Thika Road ikiwa tupu. Barabara hiyo haiwi tupu hata siku moja. Ina mlinzi anayerudi nyumbani kwa baiskeli, na hakuna sekunde yoyote duniani yenye thamani ya mtu huyo.

Kijana amerudi uwanjani. Safari hii anatumia Toyota Starlet kwa zamu na rafiki yake, wanagawana gharama za matairi na kiingilio. Kizimba kilikuwa cha kwanza tena. Mengine yote yaliachwa kama kiwanda kilivyoyafanya, ila bushi zilizochoka zilibadilishwa, maji ya breki yakawekwa mapya, na alaimenti ikarudishwa kwenye vipimo vya kitabu. Amenunua geji ya upepo ya kuaminika na daftari la mistari. Kila ukurasa una saa ya kukimbia, hali ya njia, upepo wa kila tairi kabla na mara tu baada ya mzunguko, kitu kimoja kilichobadilishwa kama kipo, na muda. Amejionea mwenyewe kwamba tairi likipata joto upepo unapanda, kiasi cha PSI 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, kwa hiyo kipimo cha asubuhi kwenye kivuli na cha saa nane juani havisemi jambo moja. Kwa msimu mzima wa kwanza safu ya mabadiliko ilibaki wazi. Alikuwa anafukuzia jambo moja, mizunguko yake ifanane.

Mara ya mwisho nilipomwona kwenye mazoezi, mizunguko yake minne ilikuwa imepishana kwa chini ya nusu sekunde. Mzee alimwambia sasa anaweza kuuliza gari swali. Aliongeza PSI 2 kwenye matairi ya nyuma, akakimbia, akarudi na muda mbaya zaidi kwa sekunde nzima. Akarudisha upepo ulipokuwa, akakimbia tena, muda ukarudi pale pale. Alifungua daftari juu ya boneti, akaandika kwa mkono wa kulia ambao bado haukunji vizuri: "PSI 2 nyuma, hapana." Kisha akamkabidhi rafiki yake helmeti, zamu ilikuwa yake.